Woga wa Kusema Mkutanoni na Mashine ya Kuuzoea

SOMO LA VIKUNDI



Kila katibu wa tawi analijua jambo hili. Mwenyekiti anauliza, "Kuna mwenye neno?" Watu wanatazama chini. Mkutano unafungwa. Halafu nje, chini ya mwembe, maneno yanatoka kama maji ya bomba lililopasuka: kilo zilizokatwa kwenye mizani, saa za ziada ambazo hazikuandikwa, glavu zilizochanika tangu mwezi wa tatu. Wale waliokaa kimya hawakukosa hoja. Mara nyingi hoja zao ni nzito kuliko za wale waliosimama wakasema robo saa nzima bila kituo. Kilichowazuia ni woga wa kusema mbele ya watu.

Chama hupoteza mengi kwa woga huu. Fundi ambaye angekuwa mjumbe mzuri hachaguliwi kwa sababu hakusimama kujieleza. Mama mchumaji aliyeandika hesabu zake zote katika daftari humwachia nafasi kijana mwenye sauti kubwa asiyejua hesabu hata moja. Na lililo baya zaidi, mfanyakazi anayeitwa kujitetea mbele ya meneja hupoteza kazi huku haki yake iko mdomoni, imekataa kutoka.

Leo tutajifunza juu ya woga huo, na juu ya tiba mpya inayotumia mashine ya kuvaa machoni. Tiba hiyo imekuwa ikijaribiwa Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1990. Tutaeleza mashine inavyofanya kazi na wataalamu walichogundua, kisha tutauliza ni kipi katika tiba hiyo tunachoweza kukifanya sisi wenyewe hapa tulipo, pasipo mashine.

WOGA HUU NI KITU GANI

Mtu akiambiwa asimame aseme, moyo huanza kwenda mbio, mdomo hukauka, viganja hutoa jasho, magoti hulegea. Huo si uchawi wala si upungufu wa akili. Ni mwili unaojiandaa kukimbia au kupigana, kama vile umeona chui. Tezi hutia damuni homoni ya adrenalini, na damu nyingi hupelekwa kwenye misuli. Bahati mbaya, misuli ya kukimbilia haimsaidii mtu anayetakiwa kueleza kifungu cha mkataba wa pamoja.

Mwaka 1993 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitangaza jaribio ambalo sasa linatumika sehemu nyingi za dunia. Walitaka njia ya kumtia mtu mzima mwenye afya katika wasiwasi mkubwa, ili wapime homoni iitwayo kotisoli katika damu na mate yake. Hawakumchapa, wala hawakumwonyesha nyoka. Walimpa muda mfupi wa kujiandaa, kisha wakamsimamisha mbele ya watahini ajieleze dakika tano kama mtu anayeomba kazi. Baada ya hapo wakamtaka afanye hesabu za kutoa, kwa sauti, mbele ya watahini wale wale. Hiyo ilitosha, homoni ikapanda. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu atalitambua jaribio hilo upesi, ingawa yeye hakulipwa kwa kushiriki.

Basi kwa nini woga huu haupungui wenyewe kadiri mtu anavyozeeka? Kwa sababu mwenye woga hukwepa. Anapokaa kimya hupata nafuu papo hapo, moyo unatulia, na ubongo unaweka akiba somo hili: "Umeokoka kwa sababu hukusema." Mkutano unaofuata atakwepa tena kwa wepesi zaidi. Kila anapokwepa hupoteza nafasi ya kugundua kwamba kama angesema, huenda lisingetokea lolote la kutisha. Ndivyo unavyoona mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka thelathini, ambaye vijana wote humwendea kwa ushauri, hajawahi kusema neno mkutanoni.

KUUKABILI KIDOGO KIDOGO

Dawa ya woga wa namna hii ilijulikana kabla ya kompyuta. Mwaka 1924 huko Marekani, mwanasaikolojia mwanamke aitwaye Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto Peter, wa umri wa karibu miaka mitatu, aliyemwogopa sungura. Mama huyu hakumkaripia mtoto wala hakumtupia sungura mapajani. Alimpa chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Siku nyingine akasogezwa. Siku nyingine akasogezwa tena. Mwishowe Peter alimshika sungura na kumwachia amtafune tafune vidole.

Baada yake alikuja daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1915. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitibu askari waliorudi na hofu za vita, akaona dawa haziwafikishi mbali. Akaunda utaratibu ambao aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1958. Mgonjwa hutengeneza orodha ya mambo anayoyaogopa, kuanzia lile dogo hadi lile kubwa kabisa, kama ngazi. Kisha hujifunza kulegeza mwili, na huku amelegea huyawaza mambo yale moja moja, akianzia chini ya ngazi. Wolpe ndiye pia aliyewafundisha wagonjwa kuupima woga wao kwa hesabu, sufuri ikiwa ni utulivu kamili na 100 ikiwa ni woga mkubwa kuliko wote. Hesabu hiyo iwekeni akilini, tutaihitaji mbele.

Njia hiyo ilisaidia wengi, lakini ilikuwa na upungufu wake. Si kila mtu anaweza kufumba macho akauona ukumbi uliojaa watu. Ni bora kukutana na watu wenyewe. Lakini daktari atawapata wapi watu hamsini wa kuja kila Jumanne kukaa vitini ili mgonjwa wake ajizoeze? Na je, akiwataka siku moja wasikilize kwa heshima, na siku nyingine wapige miayo na kunong'ona?

MASHINE YENYEWE

Hapo ndipo mashine ilipoingia. Kwa Kiswahili siku hizi tunaita uhalisia pepe: jambo ambalo halipo, lakini macho na masikio yanaambiwa lipo.

Mwaka 1968 mhandisi wa Marekani Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichomwonyesha mtu michoro ya kompyuta. Chombo kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Mashine za leo ni kama miwani mikubwa ya mchomeleaji vyuma, yenye mkanda wa kufunga kisogoni. Ndani yake kila jicho lina lenzi yake na picha yake. Picha hizo mbili zinatofautiana kidogo, kama vile macho yetu mawili yanavyoona kitu kimoja kutoka pande mbili, na ubongo huziunganisha ukaona umbali na kina. Vipima mwendo vilivyomo ndani huhisi kichwa kinapogeuka, na kompyuta hubadilisha picha mara moja. Ukitazama kushoto unaona watu wa kushoto. Ukiinama unaona sakafu. Kama picha ikichelewa hata kidogo nyuma ya kichwa, mvaaji hushikwa na kichefuchefu kama abiria wa mashua.

Si lazima mashine iwe ya gharama kubwa. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilionyesha kasha la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, ambalo mtu huingiza simu yake ndani akalishika machoni. Uuzaji wa kasha hilo ulisimamishwa mwaka 2021, lakini ulikwisha kuonyesha kwamba simu ya mfukoni inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Msomaji atauliza: mtu mzima ataogopaje picha, hali anajua ni picha? Swali hilo lilijibiwa London. Mel Slater na wenzake wa Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College walitangaza mwaka 2002 jaribio ambalo watu walitoa hotuba mbele ya wasikilizaji wanane wa kuchorwa na kompyuta. Kundi moja la wasikilizaji lilikuwa la kirafiki, lilimtazama msemaji na kuonyesha kuvutiwa. La pili halikuonyesha lolote. La tatu lilionyesha kuchoka na dharau. Mbele ya hayo makundi mawili ya kwanza, mwoga aliogopa na jasiri hakuogopa, kama ilivyo kawaida yao maishani. Lakini mbele ya kundi la dharau, wote walipata wasiwasi, hata wale ambao siku zote husema bila shida. Wote walijua kuwa hapakuwa na mtu chumbani. Kichwa kilijua, mwili ukaendelea na shughuli zake.

Tusilipite jambo hilo haraka. Linatuambia kwamba woga wa msemaji hautoki kwake peke yake. Wasikilizaji nao huutengeneza. Katika mkutano ambao kila anayekosea neno huchekwa, hata simba atakuwa paka. Wenyeviti wetu walisome jambo hili mara mbili.

MATOKEO YA MAJARIBIO

Jaribio tunalotaka kulieleza kwa urefu lilifanyika Atlanta, Marekani, likiongozwa na Page Anderson wa Chuo Kikuu cha Georgia State, na lilitangazwa mwaka 2013. Washiriki walikuwa watu 97 wenye ugonjwa wa hofu ya kuwa mbele ya watu, na hofu yao kubwa ilikuwa ya kuhutubia. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza walivaa mashine, wakasema mbele ya hadhira za kompyuta, kila mmoja na mtaalamu wake. Kundi la pili walikutana pamoja kama kikundi, wakajizoeza kusema mbele ya wenzao, watu wa damu na nyama. Kundi la tatu waliambiwa wasubiri zamu. Vipindi vya tiba vilikuwa vinane.

Waliotibiwa, kwa njia zote mbili, walipata nafuu iliyo wazi kuliko waliosubiri. Mwaka mmoja baadaye nafuu ile ilikuwa bado ipo. Na kati ya mashine na kikundi cha watu, wachunguzi hawakuona tofauti.

Magazeti ya ng'ambo husoma matokeo ya namna hii upande mmoja: mashine inaweza kufanya kazi ya watu. Sisi tuyasome na upande wa pili. Watu waliokaa pamoja wakasikilizana kwa utaratibu waliweza kufanya kazi ya mashine. Tawi la chama halina miwani ya kompyuta, lakini watu linao. Wengine wanakaa kambi moja, wanarudi kazini njia moja, wana saa nzima ya jioni kabla ya chakula kuiva.

Mashine ina faida zake, na si haki kuzificha. Inafaa pale ambapo mtu anaona aibu hata mbele ya wenzake wawili. Inafaa pia kwa mtu aliye mbali na mtaalamu. Huko Stockholm, Sweden, Philip Lindner na wenzake walitangaza mwaka 2019 jaribio la vifaa vya kawaida vinavyonunuliwa dukani, ambalo tiba kubwa ilifanywa kwa kikao kimoja tu cha saa tatu. Wengine walikuwa na mtaalamu, wengine walijiongoza wenyewe nyumbani. Woga ulipungua kwa wote.

Na katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Chris Macdonald ametengeneza programu inayotolewa bure, ambayo inaweza kutumika kwa simu. Mtumiaji huanza katika darasa tupu, na anaweza kwenda hadi uwanja wa michezo wenye watazamaji 10,000, kelele na taa kali. Mwaka 2025 aliandika kwamba kipindi kimoja cha nusu saa kiliupunguza woga wa washiriki wake. Wazo lake ni kwamba msemaji azoezwe kwa mzigo mzito kuliko atakaokutana nao. Mpakiaji aliyezoea gunia la kilo mia halalamiki akipewa la hamsini. Jaribio hilo bado ni dogo, lakini wazo lake halihitaji umeme.

NINI KINACHOTIBU

Wengi hudhani kinachotibu ni kurudia rudia tu. Si hivyo. Kuna watu wamehutubia mara mia na bado wanateseka kila mara. Siri iko katika namna ya kurudia.

Kabla ya kuanza, mtaalamu humwuliza mgonjwa: unaogopa kitatokea nini hasa? Asiseme "nitaaibika" tu, maana hilo halipimiki. Aseme kitu kinachoonekana: "Nitasahau kila kitu nisimame kimya dakika nzima." "Watu watatoka nje." "Sauti itakatika nishindwe kuendelea." Hilo linaandikwa, pamoja na hesabu ya woga kwa kipimo cha Wolpe. Kisha anavaa miwani, anasema. Akimaliza wanalinganisha: je, ulinyamaza dakika nzima? Hapana, ulinyamaza kidogo ukaendelea. Watu walitoka? Hawakutoka. Hapo ubongo unapata somo jipya linaloshindana na lile la zamani. Kadiri alichokitarajia kinavyokuwa mbali na kilichotokea, ndivyo somo linavyoingia.

Jambo la pili, mgonjwa haruhusiwi kujificha ndani ya zoezi. Waoga tuna mbinu nyingi: kusoma karatasi bila kuinua uso, kusema mbio ili yaishe, kutazama ukutani juu ya vichwa vya watu. Mbinu hizo humfanya mtu amalize hotuba lakini asijifunze lolote, kwa sababu atasema, "Niliokolewa na karatasi." Kwa hiyo karatasi huondolewa taratibu, na macho huelekezwa kwenye nyuso.

La tatu, hadhira hubadilishwa. Leo watu watano, kesho ishirini. Leo wapole, kesho wenye kukunja uso. Aliyezoea chumba kimoja na nyuso zile zile hajazoea kusema, amezoea chumba.

KUJIZOEZA BILA MASHINE

Tuchukue mfano wa mchumaji wa chai, tumwite dada mchumaji. Karani wa mizani amekuwa akimkatia kilo. Daftari lake linaonyesha tarehe na uzito. Mkutano na menejimenti uko baada ya wiki tatu, na tawi linataka aseme yeye mwenyewe, kwa sababu jambo likisemwa na aliyelipata lina uzito mwingine. Yeye anasema afadhali apoteze kilo zote kuliko kusimama pale.

Asilazimishwe, lakini pia asiachwe. Mwenzake anayemwamini akae naye watengeneze ngazi. Dada mwenyewe ndiye atoe hesabu. Kusema habari yake peke yake njiani kwenye michai, labda 10. Kumweleza jirani jikoni, 20. Kuisema amesimama mbele ya wanawake watatu wa kambi, 40. Mbele ya kikundi cha masomo chenye wanaume ndani, 60. Mkutano wa tawi, 80. Meza ya meneja, 100. Ngazi za watu hazifanani: kuna mwanamume asiyejali meneja lakini akashindwa kusema mbele ya wakwe zake, naye ngazi yake ianzie panapomfaa.

Kisha habari yenyewe iwe fupi. Kwa mfano: "Naitwa fulani. Nachuma sehemu ya tatu. Tarehe tano kikapu changu kilikuwa kilo ishirini na tatu, kitabuni ikaandikwa kumi na tisa. Tarehe nane, kilo ishirini na moja, ikaandikwa kumi na nane. Naomba mizani ikaguliwe na mchumaji aone inapoandikwa." Hiyo ni hotuba kamili. Haizidi nusu dakika. Sentensi ya kwanza ajifunze hata aweze kuisema usingizini, kwa sababu woga huwa mkali mwanzoni, na aliyevuka sentensi ya kwanza mara nyingi amevuka mto. Zilizobaki asizikariri neno kwa neno. Akariri tarehe na uzito.

Katika kila kidaraja aseme kabla anaogopa nini, na baadaye waulizane kama kilitokea. Akae katika kidaraja hicho, siku hiyo au siku zinazofuata, mpaka hesabu yake ipungue, labda kutoka 40 hadi 20, ndipo apande. Akipanda akakwama ashuke kidogo, si aibu. Asifanye mara moja kwa wiki. Nusu saa kila jioni kwa siku nne huzaa zaidi kuliko saa nzima kila Jumapili.

Na msisahau kundi la tatu la London. Wakati wa kidaraja cha kikundi, kwanza wasikilizaji wawe wapole. Siku za mwisho mmoja awe meneja anayetazama saa, mwingine nyapara anayecheka, mwingine karani anayekatiza: "Wewe kusoma mizani umejifunza wapi?" Dada azoee kungoja kelele ziishe, kisha arudie sentensi yake ileile. Zoezi hili linachekesha sana, hasa mnyamavu akipewa cheo cha meneja, na kicheko hicho si hasara, ila kiwe cha kumcheka meneja wa mchezo, si msemaji.

Zoezi kama hilo lina thamani ya pekee kwa aliyeitwa kujibu mashitaka ya nidhamu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kusikiliza majibu yake, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua yeye. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Tanzania, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujiandaa, kwa kawaida usipungue saa 48. Saa hizo wengi wetu huzimaliza kwa kulalamika na kukosa usingizi. Saa mbili kati yake zitumike kusimama na kusema, mwenzako akiwa meneja, mpaka majibu yatoke.

MAMBO YA KUANGALIA

Mwenye kifafa asivae mashine hizi bila kumwona daktari, maana watengenezaji wenyewe huonya juu ya mwanga unaomeremeta. Na mtu ambaye woga wake umezidi, hata hawezi kwenda sokoni wala kusema na mtu dirishani, huyo si wa kikundi cha masomo pekee. Apelekwe kwa mganga wa hospitali, naye asichekwe.

Pili, mwajiri akileta mashine za namna hii kwa mafunzo ya kazi, ulizeni maswali kabla ya kuvaa. Mashine hupima kila mtikisiko wa kichwa na mikono. Mwaka 2023 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba kati ya watu zaidi ya 50,000 waliocheza mchezo wa uhalisia pepe, kompyuta iliyokwisha kufundishwa miendo yao iliweza kumtambua mhusika zaidi ya mara 90 katika 100, kwa kutazama sekunde 100 tu za mwendo wake. Kumbukumbu hizo zinawekwa wapi? Nani anazisoma? Je, mtu aliyetetemeka katika zoezi ataandikwa kwamba hafai kupandishwa cheo? Hayo ni mambo ya kujadiliwa na chama, tena kwa maandishi.

Tatu, na hapa ndipo wataalamu wa tiba wanapoishia na sisi tunapoanzia. Tiba hii hufaa pale ambapo mtu anaogopa jambo ambalo halitatokea. Peter alimwogopa sungura, na sungura hakuwa na neno. Lakini kama katika shamba lenu watu wawili wa mwisho waliosema juu ya mizani wamehamishiwa bonde la mbali au wameachishwa kazi, woga wa dada mchumaji si ugonjwa. Ni hesabu sahihi. Kumzoeza asiogope, kisha kumtuma peke yake, ni kumpeleka kwa chui baada ya kumwambia ni sungura.

Katika hali hiyo kinachotangulia ni ulinzi. Mkataba Namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unamlinda mfanyakazi asiadhibiwe kwa sababu ya kuwa mwanachama wala kwa kazi za chama, na Mkataba Namba 135 wa mwaka 1971 unawalinda wawakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi. Tawi liandike barua kabla ya mkutano, litaje kwamba msemaji anasema kwa niaba ya chama. Wasemaji wawe watatu, si mmoja, kila mmoja na tarehe zake. Mjumbe aandike nani amesema nini na saa ngapi. Hapo woga uliobaki ndio wa kushughulikiwa kwa ngazi.

MASWALI YA KUJADILI

Katika mkutano wa tawi uliopita, ni nani hawakusema, na mnadhani walikuwa na neno gani? Je, walinyamazishwa na woga wa ndani, na vicheko vyetu, au na jambo la kweli ambalo mwajiri amewahi kufanya?

Kila mmoja aandike ngazi yake ya vidaraja vitano na hesabu zake, amwonyeshe mwenzake mmoja tu.

Chagueni lalamiko moja la kweli lililopo sasa. Kila mwanakikundi alieleze kwa nusu dakika amesimama, bila karatasi. Anayeanza ni yule ambaye hajawahi kusema mkutanoni, na mwenyekiti wa kikundi asimsaidie maneno hata akinyamaza.